Kulea Nyota, Kuaga Nyota: Kilio cha Klabu za Mbeya na Iringa

Jumapili ya tarehe 13 Aprili, 2014, uwanja wa Sokoine mjini Mbeya ulifurika watu. Wageni walikuwa Azam ya Dar es Salaam, waliokuwa wakiusaka ubingwa wa Tanzania Bara kwa mara ya kwanza katika historia yao. Wenyeji walikuwa Mbeya City, timu ya Halmashauri ya Jiji iliyoundwa mwaka 2011, ambayo ilikuwa ikicheza Ligi Kuu kwa msimu wake wa kwanza kabisa. Azam walishinda mabao mawili kwa moja, wakatawazwa mabingwa hapo hapo chini ya mlima Loleza, na wakamaliza msimu bila ya kupoteza mchezo hata mmoja.

Wenyeji walifungwa, lakini hawakutoka na aibu. Ligi ilipomalizika walikuwa wa tatu kwa pointi 49, nyuma ya Azam na Yanga na mbele ya Simba. Kikosi cha vijana ambao mwaka mmoja kabla ya hapo wengi wao hawakuwa na jina ng'ambo ya Kitonga kilikuwa kimewatoa jasho vigogo wote wa nchi. Mwaka huo huo kikasafiri hadi Khartoum, Sudan, kushiriki mashindano ya klabu ya Bonde la Mto Nile. Watu wa Mbeya walianza kuota ubingwa, na hapana wa kuwalaumu kwa ndoto hiyo.

Ndoto ilidumu muda mfupi. Mwaka 2015 Deus Kaseke alikwenda Yanga. Peter Mwalyanzi akaenda Simba. Paul Nonga akaenda Mwadui ya Shinyanga, na kabla ya mwaka kwisha akawa amevaa jezi ya Yanga. Kocha Juma Mwambusi, ambaye ndiye aliyekisuka kikosi kile, naye akachukuliwa na Yanga kuwa kocha msaidizi. Mwaka 2017 ikawa zamu ya Raphael Daudi, naye akashika njia ile ile. Timu iliendelea kuitwa Mbeya City na jezi zikabaki za zambarau, lakini kilichoitisha nchi mwaka 2014 kilikuwa kimekwisha kubomolewa tofali moja moja. Mwezi Juni, 2023, ikashushwa daraja na Mashujaa ya Kigoma katika michezo ya mchujo.

Vijiweni, kuanzia Mwanjelwa hadi Uyole, maelezo ya jambo hili ni mawili. Wapo wanaosema kwamba vijana wa siku hizi hawana uaminifu, wanakimbilia fedha. Wapo wanaosema kwamba klabu za Dar es Salaam ni wezi. Mwandishi wa makala haya hakubaliani na upande wowote. Kijana wa miaka 21 anayelipwa mshahara kwa kuchelewa, akiitwa mahali anapoweza kuwajengea wazazi wake nyumba, hana kosa akiitika. Na klabu inayomchukua mchezaji ambaye mkataba wake umekwisha haijaiba kitu, bali imeokota kilichoachwa njiani. Swali linalostahili kuulizwa ni kwa nini kiliachwa njiani.

UBINGWA WA TUKUYU

Kilio hiki si kipya. Wazee wa Rungwe wangali wakiusimulia mwaka 1986, pale Tukuyu Stars, Banyambala, ilipopanda Daraja la Kwanza na katika msimu ule ule ikatwaa ubingwa wa Tanzania Bara. Mji mdogo wa mvua, migomba na mashamba ya chai uliwapita Simba na Yanga. Mwaka uliofuata bingwa akashuka daraja.

Enzi hizo mpira ulikuwa wa ridhaa. Mchezaji hakuwa na mshahara wa mpira wala mkataba wa kumfunga. Kilichomvuta mjini kilikuwa ajira katika shirika au kiwanda, chumba cha kulala, na jina lake kutajwa redioni. Tukuyu haikuwa na cha kushindana na hayo. Miongoni mwa waliolelewa pale ni Sekilojo Chambua, ambaye Watanzania wengi wanamkumbuka kuwa kiungo na nahodha wa Yanga na mchezaji wa Taifa Stars. Muulize kijana wa leo Chambua alitokea timu gani, naye atakujibu Yanga bila ya kusita. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Katika soka letu aliyechumia juani hubaki juani, na kivuli hukaliwa na mwingine.

WATATU KWA MKUPUO

Tofauti ya zamani na sasa ni kwamba leo kuna mikataba, kuna kanuni na kuna fedha. Mwaka 2021 haki za kuonyesha Ligi Kuu katika televisheni ziliuzwa kwa Azam Media kwa shilingi bilioni 225.6 kwa muda wa miaka kumi. Hata hivyo mwendo wa wachezaji haujabadilika, na pengine mfano unaofunza kuliko yote ni ule wa katikati ya mwaka 2018.

Msimu wa 2017/18 Tanzania Prisons, Wajelajela wa Mbeya, walikuwa wamemaliza katika nafasi ya nne. Lipuli ya Iringa, Wanapaluhengo, ilikuwa imecheza msimu wake wa kwanza baada ya kurejea Ligi Kuu na ikabaki. Majimaji ya Songea ilikuwa imeshuka. Simba, bingwa mpya, ikapita katika klabu hizo tatu za kusini na kuchukua mshambuliaji mmoja katika kila klabu: Mohamed Rashid kutoka Prisons, Adam Salamba kutoka Lipuli, na Marcel Kaheza kutoka Majimaji. Dirisha moja la usajili likawa limeondoa mabao ya nyanda nzima.

Na huko walikokwenda? Mbele yao alikuwapo Emmanuel Okwi, aliyekuwa amefunga mabao 20 msimu uliotangulia. Alikuwapo nahodha John Bocco. Kisha akaletwa Meddie Kagere kutoka Gor Mahia ya Kenya, ambaye msimu huo alifunga mabao 23. Vijana wetu watatu walibaki kugombea mabaki ya dakika. Haukupita mwaka kabla Rashid hajapelekwa KMC kwa mkopo, na Kaheza AFC Leopards ya Nairobi. Salamba mwaka 2019 akaenda kujaribu maisha Kuwait. Wote watatu walikuwa wafungaji wa kutegemewa walikotoka.

Hapa ndipo hasara inapokuwa ya pande mbili, jambo ambalo mashabiki hulisahau. Mshambuliaji hukomaa kwa kucheza. Kijana aliyeanza michezo 28 au 30 katika uwanja wa Sokoine au Samora, kisha akakaa mwaka mzima akiwatazama wenzake, hurudi akiwa na umri mkubwa zaidi na miguu mizito zaidi. Klabu kubwa haihesabu hasara ya kijana mmoja asiyecheza, kwa kuwa imekwisha hakikisha kwamba hachezi dhidi yake. Klabu ndogo huhesabu: Prisons, iliyokuwa ya nne, ilianza msimu uliofuata ikihangaika mkiani kwa muda mrefu.

FAINALI YA LINDI

Iringa nako msiba uligonga hodi kwa namna yake. Lipuli ilimpoteza Salamba lakini haikufa. Chini ya kocha Selemani Matola, mwezi Mei, 2019, iliifunga Yanga mabao mawili kwa sifuri katika uwanja wa Samora, katika nusu fainali ya Kombe la Shirikisho. Mabao yalifungwa na Daruwesh Saliboko na yule yule Paul Nonga, aliyekwisha ionja Dar es Salaam na kurudi nyanda za juu. Tarehe 1 Juni timu ikawa Lindi, uwanja wa Ilulu, ikicheza fainali na Azam. Ilifungwa bao moja tu, la Obrey Chirwa. Bao moja liliitenganisha Iringa na safari ya mashindano ya Afrika.

Kilichofuata baada ya wiki chache msomaji anaweza kukikisia. Beki Ally Mtoni "Sonso", ambaye alikuwa ameitwa Taifa Stars kwenda fainali za Mataifa ya Afrika nchini Misri akiwa bado mchezaji wa Lipuli, alikwenda Yanga. Sonso, Mungu amlaze pema, alifariki mwaka 2022. Haruna Shamte na Miraji Athumani wakaenda Simba. Matola akaondoka. Mwaka mmoja baada ya fainali ile, Lipuli ilishuka daraja. Wakati ikishuka, beki wake kijana David Kameta "Duchu" akachukuliwa na Simba vile vile.

KARATASI

Sasa tuje kwenye lile ambalo haliimbwi jukwaani, nalo ni karatasi.

Shirikisho la kandanda la dunia, FIFA, lina kanuni mbili za kuilinda klabu iliyomlea mchezaji. Ya kwanza ni fidia ya mafunzo, ambayo hulipwa kijana anapotia saini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa, au anapohama kabla ya kwisha kwa mwaka anaotimiza miaka 23. Ya pili ni mchango wa mshikamano: mchezaji akiuzwa, asilimia tano ya bei yake hugawiwa klabu zote alizozichezea tangu mwaka anaotimiza miaka 12 hadi ule anaotimiza miaka 23. Kila mwaka wa tangu miaka 12 hadi 15 huhesabiwa robo ya asilimia moja, na kila mwaka wa tangu miaka 16 hadi 23 huhesabiwa nusu ya asilimia.

Hebu tupige hesabu. Kijana akiuzwa kwa dola milioni moja, klabu iliyokaa naye misimu minne tangu miaka 16 inastahili asilimia mbili, yaani dola 20,000. Timu ya mtaa iliyomtunza akiwa na miaka 14 na 15, kama imesajiliwa ipasavyo, inastahili dola 5,000. Kwa timu inayoazima mipira shuleni hizo si fedha ndogo. Mbwana Samatta alipotoka Genk ya Ubelgiji kwenda Aston Villa ya Uingereza mwezi Januari, 2020, kanuni hii ndiyo iliyokuwa ikizikumbuka klabu alizopitia Dar es Salaam utotoni.

Lakini kanuni hizi zina shimo, na klabu za nyanda za juu zimekuwa zikitumbukia humo. Ni za uhamisho unaovuka mipaka ya nchi. Eliud Ambokile, mshambuliaji wa Mbeya City, alipokwenda Black Leopards ya Afrika Kusini mwanzoni mwa mwaka 2019 na baadaye mwaka huo TP Mazembe ya Lubumbashi, alikuwa katika njia ambayo FIFA inaiona. Kaseke, Mwalyanzi na Daudi walipopanda basi kwenda Dar es Salaam, hawakuwa katika njia hiyo. Kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam ni kilometa zipatazo 830, lakini machoni pa kanuni ni mtaa mmoja. Kwa uhamisho wa ndani, FIFA huyaachia mashirikisho ya nchi kazi ya kuweka utaratibu wa kuzituza klabu zinazolea, na mpaka leo silaha inayoaminika kuliko zote mkononi mwa klabu ndogo ni mkataba mrefu wenye bei iliyoandikwa.

Na silaha hiyo huota kutu upesi. Mchezaji anaruhusiwa kuafikiana na klabu nyingine mkataba wake ukibakiwa na miezi sita. Hii maana yake ni kwamba mkataba wa miaka miwili, ambao viongozi wengi huuona kuwa mrefu, kwa kweli hulinda mwaka mmoja na nusu. Zaidi ya hayo, tangu mwaka 2018 kanuni za FIFA zinasema kwamba mchezaji aliyecheleweshewa mishahara ya miezi miwili, akiitaarifu klabu yake kwa maandishi na kuipa siku 15, asipolipwa anaweza kuuvunja mkataba na kuondoka akiwa huru. Kwa hiyo kiongozi anayechelewesha mshahara anafungua mlango kwa mkono wake mwenyewe, kisha anashangaa upepo kuingia.

Si haki, hata hivyo, kuwatupia viongozi lawama zote. Timu ya Mbeya inayokwenda kucheza Bukoba husafiri zaidi ya kilometa elfu moja kwa basi, ikalala njiani, ikala njiani, ikarudi hivyo hivyo. Klabu ya Halmashauri hutegemea bajeti inayopitishwa na madiwani, ambao wana barabara na zahanati za kuwaza kabla ya viatu vya mpira. Prisons imejisaidia kidogo kwa kuwa mchezaji anaweza kuajiriwa kuwa askari wa magereza. Huyo ana mshahara wa serikali na kazi inayomngoja miguu itakapochoka, na ndiyo sababu timu ile hubaki na watu wazima wanaokaa miaka mingi. Klabu nyingine hazina ngao hiyo.

Wapo waliokwisha onyesha kwamba kuuza wachezaji si lazima kuwe ni kufa. Klabu ya ASEC ya Abidjan, Kodivaa, ilifungua shule yake ya soka miaka ya 1990, na mwaka 1999 vijana wa shule hiyo waliifunga Esperance ya Tunisia mabao matatu kwa moja wakatwaa Kombe la Super la Afrika. Kolo Touré akaenda Arsenal, na mdogo wake Yaya akaanzia Beveren ya Ubelgiji. ASEC ilijua tangu siku ya kwanza kwamba wataondoka. Ilichofanya ni kuhakikisha kwamba wanaondoka kwa mlango wa mbele, na nyuma yao wapo wengine darasani.

Huku kwetu kuna hata klabu iliyoondoka yenyewe nzima. Ihefu ilikuwa timu ya Mbarali, bondeni kwenye mpunga. Tarehe 29 Novemba, 2022, iliifunga Yanga mabao mawili kwa moja na kukata mfululizo wa michezo 49 ya ligi ambayo Yanga ilikuwa haijapoteza. Haikupita miaka miwili, ikahamia Singida na kubadili jina kuwa Singida Black Stars. Wakulima wa Ubaruku waliofunga safari za baiskeli kuishangilia wakabaki na uwanja.

NYUMBANI

Mwaka 2025 Mbeya City ilirudi Ligi Kuu. Hapana shaka wapo vijana wengine wanaotazamwa sasa, na mtazamaji akiridhika hatakwenda kwanza ofisini kwa klabu. Atakwenda nyumbani. Ndiyo maana makala haya yamewekwa katika kurasa za familia na si katika ukurasa wa michezo.

Mgeni huyo huja jioni, aghalabu pamoja na mtu anayefahamika mtaani ili mlango ufunguliwe. Huleta salamu, zawadi kidogo na karatasi. Mama hufurahi, mjomba huitwa, na kabla ya chai kupoa kalamu iko mezani. Kwa kijana ambaye hajatimiza miaka 18 saini ya mzazi au mlezi ni ya lazima, na mkataba wake hauwezi kuzidi miaka mitatu. Anayeleta wa mitano anajua anachokifanya. Anayeahidi kumpeleka mtoto wa miaka 16 Ulaya kucheza mpira asipewe hata kiti, kwa sababu FIFA imekataza uhamisho wa watoto nje ya nchi isipokuwa katika hali chache mno, na familia zetu haziko katika hali hizo.

Mzazi ana haki ya kuomba karatasi ibaki nyumbani siku tatu, asomewe na mwalimu au mwanasheria. Aulize: mshahara ni kiasi gani kwa mwezi, mbali na fedha za usajili zinazohesabiwa mezani leo? Akivunjika mguu nani atalipa hospitali? Katika nafasi anayocheza kijana wapo wachezaji wangapi, na wana umri gani? Swali hili la mwisho wazazi hawaliulizi kamwe, na ndilo ambalo lingewafaa wale washambuliaji watatu wa mwaka 2018. Wakati mwingine jibu zuri kwa kijana wa miaka 19 ni kubaki Iringa msimu mmoja zaidi, acheze kila Jumamosi, na akiondoka aondoke kwa bei.

Na kuna jambo dogo ambalo halihitaji mwanasheria. Haki ya mshikamano hudaiwa kwa ushahidi kwamba kijana alikuwa kwenu mwaka fulani. Katika timu nyingi za mitaa yetu ushahidi huo ni daftari la kocha, ambalo huishia kufungia maandazi. Ndugu kocha wa Ilomba au Kihesa, andika jina kamili la mtoto na tarehe yake ya kuzaliwa kama ilivyo katika cheti, andika siku aliyoanza na siku aliyoondoka, na peleka nakala kwa chama cha mpira cha wilaya ili mtoto asajiliwe tangu akiwa na miaka 12. Nawe mama, kile cheti cha kuzaliwa kiweke pamoja na kadi ya kliniki, mahali ambapo panya hafiki.